Bega la Baba na Ngoma ya Harusi

Hapana, Ognyan, usiniambie tena kwamba ulikuwa unamsaidia. Baba yako si gunia la viazi. Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto, ukimwinua kitandani kwa kuuvuta huo, unalivuta bega. Ule ukelele wa asubuhi wameusikia hadi ghorofa ya nne.

Supu ya maharage ipo jikoni, ipasheni moto. Dawa ya maumivu anywe akishakula. Akiketi, mwekee mto chini ya mkono, usining'inie. Akivaa shati, mkono mgonjwa unatangulia.

Nawe Metodi, usicheke. Nilikuuliza kwa nini hukumkataza, ukasema: "Najizoeza kucheza ile ngoma ya horo, mke wangu. Kesho si nitavutwa huku na huku?" Miaka thelathini unanikanyaga vidole, leo ndiyo umekuwa mchezaji!

~~Kesho kwenye harusi ya Bilyana utakaa kitini. Nimemaliza.~~

Nilishavaa koti, nimerudi mezani kufuta hayo. Ukikaa kitini siku binti yetu anaolewa, utaumia mahali pasipo na dawa. Kwenye horo watu wote hushikana mikono kwa mstari, lakini wa mwisho kushoto hana wa kumvuta upande huo. Basi wewe utakuwa mkia wa mstari. Mkono mgonjwa utaufunga kwa kitambaa shingoni, na huo mzima nitaushika mimi.

Sasa hivi nimempigia simu Bilyana kumwambia mkia umeshapata mwenyewe. Analia, mjinga yule. Nachelewa kazini.

Mama