Mwano Uliokatika

Shangazi,

Mwangaluka. Nimekuamkia kwa Kisukuma kwanza, maana shikamoo zetu za shuleni ulikuwa unaziitikia shingo upande. Ni mimi Kabula, mtoto wa kaka yako, fundi cherehani, yule uliyesema sauti yake ni ya kuku anayetafuta pa kutagia. Nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko. Kaburi lako liko hapo mbele, na majani yameanza kuota juu yake. Nimeyang'oa mara mbili. Yanarudi.

Masanja amefungwa. Nilitaka kuanza na habari nyingine, za mahindi, za binti wa jirani aliyeolewa Buseresere, lakini hii haizungukiki. Mwanao amefungwa, yeye na vijana wawili wa hapa hapa kijijini, kwa kukusanyika isivyo halali na kuvamia eneo la mgodi. Na aliyekupiga wewe risasi hajulikani. Tukiuliza tunaambiwa uchunguzi unaendelea. Unaendelea kwenda wapi sijui, maana kwetu haujafika.

Mwanzo wake unaujua kuliko mimi. Ulikuwa wakati wa kiangazi na ng'ombe walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Lambo tulilonyweshea tangu enzi za babu liko ndani ya uzio wa mgodi siku hizi, na ng'ombe hawajui kusoma kibao. Walisikia harufu ya maji, wakaangusha uzio, wakaingia. Askari wa mgodi wakawazingira wakaanza kuwaswaga kwenda kwao. Wewe ulikuwa unapepeta mtama. Ukatupa ungo chini, ukasimama kwenye kichuguu, ukapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuitana kwenye hatari.

Sijawahi kusikia mwano kama ule. Nilikuwa centa, pale madukani, kwenye cherehani, mguu ukaganda kwenye pedeli. Watu walitoka kama walivyotoka siku zote mwano unapolia, mwingine na fimbo, mwingine na mwiko, mama mmoja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Ndiyo maana ya mwano: unakimbia kwanza, unauliza ukifika.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo, nikaupiga kwa mchezo nyuma ya zizi? Nilitaka tu kujua kama naweza. Wanaume waliacha majembe shambani, wengine walikuja na mishale. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakatutoza mbuzi, ukatoa yule beberu wako uliyempenda, na mimi ukanifinya sikio mpaka nikaona nyota mchana. Kisha ukanikalisha hapa hapa, ukaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, mwano hauchezewi. Ukiupiga, mtu anaacha ugali wa moto. Na ukiusikia, hata kama aliyepiga ni adui yako, unatoka." Halafu ukacheka, ukasema hata hivyo haukuwa mwano, ulikuwa mlio wa paka. Nilikasirika wiki nzima.

Basi siku ile watu walitoka. Wakasimama mbele ya askari wakidai ng'ombe warudishwe. Masanja alikuwa mbele, anaongea kwa kushika kifua, unamjua alivyo. Yakaja mabomu ya machozi. Wewe hukukimbia. Ulifuta macho kwa kanga ukaendelea kupiga, na watu wa vitongoji vya mbali nao wakawa wanakuja, vumbi linaonekana. Nadhani vumbi lile ndilo lililowatia askari hofu. Nilikuwa nakimbia kuja kwako. Nilikusikia kabla sijakuona. Halafu mwano ukakatika katikati, na mpaka leo masikio yangu yanasubiri nusu iliyobaki.

Msibani mgodi walileta mchele na turubai kubwa lenye nembo yao. Masanja akalishusha turubai, akalikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akalirudisha kwenye gari lao. Tukakulilia juani. Ndugu wa Kishapu walikuja na basi zima, wakaimba mpaka sauti zikaisha. Wiki iliyofuata polisi wakaja kumkamata Masanja. Hakuwa hata amenyoa nywele za msiba.

Sasa nikueleze lililoniuma zaidi, na usimkasirikie Mzee Luhende. Unamjua, mkuu wetu wa sungusungu, mtu asiyejua kusema uongo hata kwa mtoto anayeumwa. Alikwenda mahakamani kuwatetea vijana. Alivaa koti lake la Krismasi, viatu amevipaka mafuta ya nazi. Mwendesha mashtaka alikuwa amesema hawa walipanga. Mzee akasimama kueleza kwamba hapana, hawakupanga, walikuja kwa sababu ya mwano. Akaulizwa, na asiyekuja anafanywaje? Shangazi, alijinyoosha kwa fahari kabisa. Akasema asiyekuja anatozwa mbuzi, akirudia anatozwa ng'ombe, akikaidi anatengwa, hapewi hata moto. Akasema kijijini kwetu hakuna asiyekuja.

Nikamwona mwendesha mashtaka anatabasamu. Akamgeukia hakimu akasema, mheshimiwa, umesikia, hili ni jeshi, lina amri na lina adhabu. Mzee bado alikuwa amesimama, anatikisa kichwa kukubali, akidhani amesifiwa.

Nami nikaitwa. Nikaulizwa marehemu alitamka maneno gani. Nikasema hakutamka maneno, mwano hauna maneno. Nikaambiwa nisiichezee mahakama, mtu hawezi kuita kijiji kizima bila maneno. Nikatamani kuwaonyesha. Nikafungua mdomo. Mle ndani kulikuwa na feni, na wino, na watu wanaongojea kesi za talaka, na sikuweza, nikasimama mdomo wazi kama samaki. Wakaandika kwamba shahidi ameshindwa kujibu. Ungekuwepo ungewapigia, na soko zima la wilaya lingehamia humo. Nilikuwa na hasira nikacheka, halafu nikalia, karani akanipa kiti.

Alipohukumiwa, Masanja alipita karibu yangu na pingu. Aliniambia nimwangalizie mama. Nadhani alisahau. Au hakusahau, ndiyo maana nimekaa hapa nang'oa majani.

Mzee Luhende hatoki nyumbani tena. Ukimsalimia anakujibu jambo moja tu, "Nilisema ukweli." Anasema tena na tena, kwa sauti ndogo, anakuangalia kama wewe ndiye hakimu. Namjibu ndiyo, Mzee, ulisema. Tulikwenda wilayani, tukaenda mkoani, tukamwona wakili mmoja mwema aliyetuahidi rufaa, naye akahamishiwa mambo mengine. Kila mlango tunaambiwa pole. Nimechoka na pole, Shangazi. Zimejaa nyumba nzima hatuna pa kuziweka.

Na sasa habari ya juzi, ndiyo iliyonifanya niandike. Jiko la Mama Nkwimba, jirani yako wa upande wa mihogo, liliwaka moto mchana, wakati watu wako mashambani. Unajua alichofanya? Hakupiga mwano. Alikimbia mlango kwa mlango, akigonga kwa kidole kimoja, ananong'ona, "Moto. Samahani. Moto." Kwangu alifika amepauka. Nikamwuliza kwa nini hakupiga, akaziba mdomo wangu kwa kiganja. Akasema, "Utatufungisha." Tulipokusanyika jiko lilikuwa majivu, na ghala la mtama limefuata. Mbuzi aliyekuwa amefungwa pale hakupona. Tulisimama kwenye moshi, kila mtu anaangalia miguu yake, hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Walikuua mara moja, nikadhani ndiyo mwisho wa wanachoweza kutufanyia. Kumbe walichukua na ule mwano. Ng'ombe wangerudishwa, lambo labda siku moja lingerudi. Lakini kijiji kinachonong'ona moto, nani atakirudisha? Mimi siwezi. Nataka ujue hivyo, nisikudanganye kaburini. Siwezi kumtoa Masanja, siwezi kumtaja aliyekupiga, na sauti yangu bado ni ile ile ya kuku.

Naweza kitu kimoja. Jana nilikwenda mbali, huko kwenye mbuga baada ya mashamba, pasipo nyumba, nikajaribu kuupiga mwano. Ulitoka mdogo, umepinda, ungecheka mpaka udondoke kigodani. Nikasimama nikisubiri, nikijua hakuna atakayekuja, maana nilichagua mahali hapo kwa sababu hiyo. Kisha nikamwona mtu kwa mbali anakimbia katikati ya majani makavu, koti linapepea, kiatu kimoja kimemtoka, fimbo juu. Mzee Luhende. Sijui aliusikiaje toka nyumbani kwake; alifika hana pumzi. Hakuniuliza kama ni mchezo, hakunitoza mbuzi. Aliniuliza tu, "Wako wapi waliokuvamia?"

Tulirudi kijijini pamoja, namshikia kiatu.

Lala, Shangazi. Wabeja, asante, kwa beberu wako na kwa sikio langu. Ahadi yangu ni hii: yeyote atakayepiga, hata akipiga kwa kunong'ona, mimi nitatoka.

Kabula wako.