Jina Nililompa Mkwe

Palma, Agosti 2019

Dada yangu Zuleica,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Vamizi, na kikohozi cha mtoto kimepungua. Sisi huku, alhamdulillahi, mwili hauna neno. Ila uso sina.

Baba mkwe wangu amekubali kuhamia kijiji kipya cha Quitunda. Unajua alivyong'ang'ania nyumba yake wenzake walipohama kupisha mradi wa gesi, hata mimi na wewe tukambandika jina la Kobe, kwa kuwa nyumba haimtoki mgongoni. Tulicheka mno. Sasa sicheki.

Programu ya kompyuta ya kugawa nyumba za huko tuliitunga mimi na Inácio, kijana wa Mueda. Ndani ya programu kila kinachopokelewa hupewa jina, nalo ni la sisi watungaji tu, wananchi hawalioni. Wakati wa kuijaribu nilitaka mfano wa mkuu wa kaya, nikamtumia mkwe. Kumtaja mkwe kwa jina lake ni mwiko, sithubutu hata kwa kuandika. Basi pa mkuu wa kaya nikaandika kobe, nikasahau kubadilisha. Tena ni mimi niliyeifundisha programu ijichungulie: ikikwama, ionyeshe imepokea nini na kwa jina gani.

Jumamosi wazee walikusanyika, kazi yetu ikaonyeshwa ukutani kwa projekta. Kwa programu ile kila mzee alikuwa kobe, lakini ilikwama kwa mmoja tu, mkwe, ambaye kadi yake haina mwaka wa kuzaliwa. Ukutani pakatokea kobe, alama ya usawa, kisha jina lake kamili.

Watu wakaangua kicheko. Mkwe husoma herufi za Kiarabu tu, akaniomba mimi, mke wa mwanawe, nimsomee. Jina lake siwezi kulitamka, na lililobaki ni lile letu. Mtu wa nyuma akamsomea yote.

Akauliza nani kaandika. Inácio alinitazama, akangoja, kisha akasema ni yeye.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Inácio amepigwa marufuku Quitunda, kapelekwa kufanya kazi Mbau, mbali na hapa. Na mkwe kila asubuhi ananipa pole kwa kufanya kazi na mtu asiye na adabu. Jana kawaambia majirani kwamba kati ya wake wa wanawe wote, mwenye heshima ni mimi. Nilikuwa nakuna nazi, nikainama zaidi.

Dada, kuungama kwa mkwe bila mtu wa kwetu kunitangulia haiwezekani. Njoo upesi. Wewe piga hodi tu, ukae karibu yangu. Lile jina nitamtamkia mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wanangu.

Mdogo wako mwenye haya,
Sumaia