Waya wa Baiskeli Ndani ya Gari la Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani kwa cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo wewe? Wifi yangu naye hajambo, na kile kifua chake kimepona? Mapacha wanaendelea kukua, au wanaendelea kuvunja vitu tu? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, analala, anagomba. Magoti ndiyo hayamsikilizi, lakini mdomo uko vile vile ulivyouacha. Mimi nina kidonda kwenye kidole gumba, na habari ya kidonda hicho ndiyo barua yenyewe.

Nimepata ujumbe wako kupitia kwa Baba Mdogo, kwamba mmekubaliana nyinyi wawili gari la marehemu Baba lichukuliwe na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu linaozea uani. Nimesikia pia kwamba sikuulizwa kwa kuwa mambo ya magari siyajui. Sawa. Ninaandika ili ulipate hili kwa kalamu yangu kabla hujalipata kwa mdomo wa mtu mwingine: gari halikuchukuliwa, na halitachukuliwa.

Usidhani nang'ang'ania bati. Tangu tulipomzika Baba, Mama hajavuka geti. Teksi hataki, anasema haingii kwenye gari la mtu ambaye hajui ukoo wake. Pikipiki hawezi. Lile gari kuukuu, ambalo miaka yote alikuwa akiliita "mke mwenzangu" kwa sababu Baba aliliosha kuliko alivyowahi kuosha sahani, ndilo pekee analokubali. Siku Baba Mdogo alipokuja kumpa habari, Mama alinyamaza. Unamjua Mama, akinyamaza ujue ameumia. Basi mimi nikasema mbele yao wote wawili kwamba likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe kabla mnunuzi hajalibeba, libaki. Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Haya mwanangu, nimekubali," akasema. "Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Gari lenyewe halikuwa na ugonjwa mkubwa. Fundi wa gereji alikuja na betri yake, injini ikawaka. Kilichokatika ni waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali mpaka kwenye kabureta. Kutu ilikuwa imeumaliza. Unakanyaga, mguu unazama, injini haina habari. Nikamwomba aubadilishe.

"Dada, waya wa gari hili hata aliyelitengeneza hana tena," akaniambia huku akijifuta mikono. "Lipumzishe."

Nikamshukuru, nikamfungulia geti.

Lipumzishe, eti. Mimi nashona nguo. Mteja akiniletea koti ambalo kitambaa chake hakiuzwi tena, simwambii akalizike. Natafuta kinachokaribiana, nashona kwa ndani pasipoonekana, naye analivaa na kwenda zake. Nikaenda kwa fundi baiskeli wa pale kona, yule tuliyekuwa tukimwita Pancha, akanipa waya mrefu wa breki ya nyuma. Ganda la kupitishia waya nililipata kwa mwendesha pikipiki mmoja, lilikuwa la klachi yake ya zamani. Kichwa cha waya wa baiskeli kikawa kidogo, kila nikikanyaga kinachomoka kwenye tundu la pedali. Nikakaa chini nikawaza, kisha nikafungua kisanduku changu cha nyuzi, nikatoa bobini ya chuma na kupitisha waya katikati yake. Kichwa kikashika bobini, bobini ikashika pedali. Springi ya kurudisha pedali juu niliing'oa kwenye mlango wa wavu wa jikoni. Hapo ndipo nilipojikata kidole, na ndiyo maana siku hizi nzi wanaingia na Mama anagomba zaidi.

Ijumaa nikaliwasha, nikakanyaga, likasogea. Lakini pale panapopanda kuelekea getini likaishiwa pumzi, likaanza kurudi kinyumenyume kama mbuzi anayekataa kamba. Nikasema waya umelegea, nikaukaza. Bado. Nikaukaza tena, na tena.

Jumamosi asubuhi Baba Mdogo akafika na mnunuzi wake na lori. Nikaliwasha gari mbele yao, na kwa kuwa waya nilikuwa nimeukaza kupita kiasi, injini ilinguruma kabla sijagusa pedali, ikakataa kushuka. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Baba Mdogo aliziba masikio. "Zima hilo dude. Waya wa baiskeli kwenye gari, umeona wapi?" Mnunuzi akaanza kukunjua mnyororo wake. Nilizima, lakini sikutoka. Niliinama chini ya usukani, miguu nje mbele za watu, mwanamke wa umri wangu, nikaulegeza waya wote na kuibonyeza pedali kwa mkono. Ikakwama nusu ya safari. Kumbe kosa halikuwa la waya.

Nikafunua kapeti. Chini ya pedali palikuwa na kisigino cha kiatu, kimekazwa sakafuni kwa skrubu. Kisigino cha kiatu cha Baba, kile cha kahawia alichokuwa akivaa harusini. Nikamuuliza Mama, aliyekuwa amekaa barazani akitutazama.

"Alikiweka baada ya mdogo wako kugonga ukuta," akasema. "Alisema hakuna mtoto wake atakayelikimbiza tena."

Miaka yote hiyo tulimcheka Baba kwamba anaendesha kama amebeba mayai, kumbe alijifunga mwenyewe ili wewe usife. Vipande vyangu vya kuungaunga vilikuwa vimekula mwendo wa pedali kidogo, na kisigino kikala uliobaki. Nililia, sikufichi, nikiwa bado nimeinama mle ndani. Halafu nikachukua bisibisi yangu ya cherehani nikakifungua, na waya nikaukaza tena, safari hii kwa kiasi.

Nilipoliwasha, injini ilitulia vizuri. Kabla sijasema neno, Mama alishasimama na fimbo yake, akaja taratibu, akafungua mlango wa mbele na kuketi. Baba Mdogo akasema si vizuri kumjaribishia mtu mzima gari la kubahatisha. Mama akamtazama.

"Shemeji," akamwambia, "sogeza lori lako."

Alilisogeza. Tulipanda pale getini bila kusita, tukatoka barabarani, na Mama akataka nizunguke soko mara mbili ili wote waliokuwa wakimuulizia wamwone. Alisalimia watu kupitia dirishani mpaka sauti ikamkauka. Tuliporudi, mnunuzi alikuwa ameshaondoka, na Baba Mdogo alikuwa anafunga mlango wa wavu kwa kamba. Ni mzee wangu na namheshimu, lakini ahadi ni deni.

Mdogo wangu, asiyekuwapo na lake halipo. Sikukasirikii kwa kuwa mbali. Nakukasirikia kwa kuamua ukiwa mbali. Ukisikia gari hili limekatika waya tena, ujue nina bobini nyingine, na zikiisha nitaanza kung'oa vyuma vya kitanda changu. Ufunguo ninao mimi. Usimtume mtu kuuomba.

Nisalimie wifi yangu, na mapacha waambie shangazi yao amejifunza kuweka gia. Pancha anakusalimu, na Baba Mdogo pia, ingawa kwa sauti ya chini. Mola akufunike popote unapolala, na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Mama anasema ukija atakuja kukupokea stesheni yeye mwenyewe. Ila ujue mapema kwamba kiti cha mbele ni chake, usukani ni wangu, na wewe utakaa nyuma.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Dereva wa Mama.