Sauti ya Mjomba

9 Machi 1997

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi tunapumua. Mama anakusalimu mara mbili, ya pili ni kwa kuhofia kwamba ya kwanza nitaisahau. Miguu inamsumbua asubuhi, na macho ndiyo hayo, ukungu umezidi. Mlango anautambua kwa mwanga, na mimi ananitambua kwa hatua zangu. Mwanangu Kidoti ametimiza miaka mitano na maswali yake hayana mwisho. Mimi bado niko kwa dobi, nanyoosha mashuka ya hoteli nisiyoweza hata kuingia kunywa maji.

Sasa nisikilize, na usianze kucheka kabla sijamaliza. Juzi kazi ilikuwa chache, tajiri akatuachia mapema. Nafika mlangoni, nasikia sauti yako. Moyo ukanilipuka, nikadhani umekuja. Kumbe ni mikanda yako ya video. Mama yuko kwenye kiti, sikio kalielekeza kwenye televisheni. Kidoti kakaa miguuni pake. Na wewe unatafsiri filamu, unawaongelea watu wanaochinjana. Mama anauliza, "Sasa wanafanya nini?" Mtoto anajibu, "Wamemkata mkono, bibi." "Masikini! Wa kulia?" "Yote." Halafu ukatia lile neno lako, "Huyo tayari, mlete mwingine!" Wakacheka wote wawili mpaka Mama akajifuta machozi.

Kumbe ndivyo wanavyoshinda kila nikienda kazini. Mama haoni kitu. Anachofuata ni sauti yako tu, kwa sababu huu ni mwaka wa nne hujakanyaga hapa. Damu yote anaiona mtoto, halafu anamsimulia bibi yake.

Jana fundi viatu wa jirani alinijia amembeba mwanawe, yule ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Shingoni ana alama ya kamba. Kidoti alimfunga, akakaza, na mtoto wa watu alipolia akamwambia, "Huyo tayari." Fundi hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua kaseti ya redio, umsemeshe Mama. Mwambie umekula nini, chumba chako kikoje, mvua imenyesha au haikunyesha. Akiwa nayo hiyo, mimi nitaifungia deki ya video na mambo yataisha.

Dada yako


2 Aprili 1997

Dada yangu kipenzi na hakimu wangu,

Shikamoo. Ya Mama ni kubwa zaidi, mpelekee kwa mikono miwili. Afya yangu tele, koo tu ndilo linalolalamika. Jina langu limevuma, dada! Juzi nanunua sabuni, mwenye duka akaruka, "Wewe si yule Kinanda wa kwenye video?" Akamwita mkewe, akawaita na wateja. Ilibidi niseme neno langu pale pale kaunta ndipo wanirudishie chenji.

Barua yako imenichekesha, nisamehe. Hiyo "yote" ya Kidoti ni kali kuliko zangu. Dada, watoto wana akili. Wanajua ile ni rangi nyekundu, na kwamba marehemu kaamka, kanawa na kaenda kwake kula. Wewe ulinivunja jino kwa mwiko, ulikuwa umetazama filamu gani? Na fikiria jambo hili: filamu ile bila mimi inatisha kweli. Mtu anapigwa shoka, mtoto atalala vipi? Mimi naingiza mzaha, woga unamtoka. Hiyo ndiyo kazi yangu. Unanishitaki kwa wema wangu.

Kaseti nitarekodi, naapa. Sasa hivi mwenye studio kanibana, hata pua sina nafasi ya kupenga. Kwa leo namtumia Mama mkanda mpya ambamo nimeongea kuliko yote. Tena mwambie nimemsalimia humo ndani! Asikilize vizuri penye vita vya darajani.

Mdogo wako


28 Mei 1997

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Mama yuko hospitali, kavunjika nyonga, yu hai. Nimeanza na hilo usije ukaruka mistari.

Mkanda wako ulipofika niliufungia kabatini pamoja na deki. Mama hakugomba. Aliugeuzia ukuta uso, na kila nikipakua chakula anasema ameshiba. Nikashindwa. Nikamwambia atausikiliza nikiwepo mimi, mtoto akiwa nje, naye akakubali. Lakini wewe umemsalimia penye daraja, na daraja yeye halioni. Mimi na kelele za bunduki zile sikukipata kisalamu chako. Basi nikitoka tu kwenda kwa dobi, anamwita Kidoti: "Njoo mama, uniambie wakifika darajani." Mtoto akajifunza kuurudisha mkanda nyuma. Wamelirudia daraja hilo mpaka mwanangu analijua kwa moyo: nani anaanguka, nani anafuata, na wapi mjomba anasema, "Shikamoo, mama yangu mzazi," huku mtu anamwagwa matumbo.

Jumanne Mama alikanyaga sabuni bafuni akateleza. Kichwa kikagonga sinki, damu ikamjaa usoni. Akamwita mtoto amkimbilie fundi viatu, ambaye tumetenganishwa naye na ukuta tu. Kidoti akaja, akasimama mlangoni, akamtazama. Alicheka kidogo, Mama anasema. Kisha akarudi kukaa mbele ya televisheni. Nilirejea jioni nikamkuta Mama pale pale majini, sauti imemkauka, na wewe unaongea sebuleni.

Nilimuuliza mwanangu kwa nini hakumwita mtu. Hakuogopa, hakulia. Akaniambia, "Nilikuwa nangoja mjomba aseme kitu cha kuchekesha."

Woga umemtoka, ndugu yangu. Hongera kwa kazi nzuri.

Mama amenikataza nisikuandikie haya. Anasema ni bafu, na ni uzee wake. Mimi leo nakuchukia, na sioni sababu ya kulificha. Rekodi kaseti.

Dada yako


30 Julai 1997

Dada,

Shikamoo. Naogopa hata kuwajulia hali, maana utanijibu.

Nimekawia kwa sababu niliandika barua za kugombana nawe nikazichana. Katika zote nilikuuliza mtoto wa miaka mitano angefanya nini, na tangu lini sabuni ya bafuni ikawa kosa langu. Bado nauliza. Ila wiki jana nilikuwa kwenye kipaza sauti, mwanamke mmoja akaanguka kwenye filamu, nikakosa la kusema. Mwenye studio akagonga kioo. Nikasema lile lile la siku zote, tukaendelea. Ndiyo kazi ninayoijua.

Kaseti hii hapa. Sikuirekodi studio, nimejifungia chumbani kwangu. Nimeanza na kufuta sijui mara ngapi. Kumbe nimesahau kuongea na mtu ambaye hakimbizwi na mtu. Mwekee Mama, tafadhali.

Mdogo wako


17 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Nami natumaini u mzima, na nasema kweli. Mama amerudi nyumbani, anatembelea magongo. Kidoti hajambo, anakula vizuri, analala fofofo.

Kaseti imefika. Nilimlaza Mama vizuri, redio nikaiweka kando ya mto. Uliposema, "Mama, ni mimi, leo sina filamu," alinikamata mkono akaubana. Ulipomweleza chumba chako, na dirisha lisilofungika, na uji uliouunguza, alikuwa anakujibu. "Ndiyo, baba." "Pole, baba." Hapo nilikusamehe. Nataka ujue kwamba nilikusamehe kabisa, hata kama msamaha wenyewe haukukaa.

Kidoti alikuwa uani. Aliposikia sauti yako akaingia mbio, akaangaza macho kutafuta televisheni. Haipo, niliishaitoa. Basi akakaa chini akaelekeza uso kitandani, akakunja miguu, akamtazama bibi yake. Wewe ulikuwa unasema, "Mama yangu, mama yangu." Mtoto akauliza kwa furaha kabisa, "Leo anakufa bibi?"

Wewe uliendelea kuongea. Mama akaniachia mkono, akapapasa kando ya mto mpaka akaipata redio, akajaribu kitufe kimoja baada ya kingine mpaka akakipata cha kuzima.

Amesema nikuandikie usitume nyingine. Hii nayo amesema nikurudishie, imo humu ndani ya bahasha. Nilimwambia tuifiche, ataisikiliza mtoto akiwa amelala. Akasema anajijua, ataanza na hii moja, kesho atataka na mikanda. Hakulia mbele yangu.

Haikuwa imefika hata nusu. Kama kuna neno ulilomwekea mwishoni, hakulisikia.

Dada yako