Upana wa Kidole Kimoja

Chumba cha cherehani, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua hii ikukute umekaa, umekula, na mikono yako imekauka maji ya hiyo kazi yako ya udobi. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakificha kwa chai ya moto? Shemeji naye hajambo? Sisi huku wazima. Mama anaendelea vizuri, isipokuwa lile bega aliloangukia bafuni mwaka jana. Bado halitaki nguo ya kulivuta. Mimi nipo. Macho yameanza kugoma kutunga uzi kwenye sindano, lakini mdomo, kama unavyonijua, haujapungua makali.

Kifurushi chako kilifika. Najua umengoja mwezi mzima bila neno kutoka kwangu, na najua ulimpigia simu jirani kumuuliza kama kilipotea. Hakikupotea. Nilinuna tu.

Mama alipoitoa ile blauzi ndefu, pamba nyepesi yenye vimaua vya buluu, aliivaa papo hapo juu ya nguo nyingine. Kisha akainua mkono. Ule mkono ambao tangu mwaka jana ninamvisha mimi kama mtoto mchanga, akauinua mpaka usawa wa sikio, akacheka. Akamwita jirani wa mlango wa pili aje kuona. Jirani naye, si unamjua, hakosi la kuongeza. Akageuza upindo, akasema mshono kama huo mtaa huu haujapata kuuona. Mtaa huu! Na mimi nimekaa hapo hapo nyuma ya cherehani, miaka ishirini nauvisha mtaa huu.

Roho iliniuma, mdogo wangu. Wacha niseme wazi, mtu mzima mimi: nilikuonea wivu mpaka chai ikanishinda kumeza. Anayemkanda mama bega asubuhi na jioni ni nani? Ni mimi. Anayejua kwamba hapendi vifungo vya mgongoni ni nani? Ni mimi tena. Wewe katika miaka saba unatuma blauzi moja, basi umekuwa binti peke yake! Mama akaivaa Jumatatu, akaifua mwenyewe kwenye karai, akaivaa Jumanne. Kuifua hakutaka kunipa, nami kuigusa sikutaka. Wiki ya pili akaja yule mwalimu mnene wa hapa jirani na kitambaa chake. Nimeshampima kifua, nimeshampima mkono, ndipo ananinong'oneza eti anaomba imkae kama ile ya mama. Nikamwambia ile haishonwi hapa. Akakunja kitambaa chake akaenda zake.

Basi nikasema, ngoja niwaonyeshe. Nikakishusha kigezo changu cha kukatia nguo kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango. Unakikumbuka: karatasi ya kaki, kingo zimebandikwa utepe wa gundi hadi zimekuwa ngumu, alama zangu za penseli juu yake, ile niipendayo kuliko zote, ambayo mtu hakati nayo nguo ikakosea. Nikanunua pamba laini, nyeupe, inayopitisha upepo. Nikailoweka kwanza isinyae mapema, nikaianika kivulini, nikaipiga pasi ingali na unyevu. Nikakata polepole, nikapiga bandi kwa mkono kabla ya kupitisha cherehani, nikatumia sindano nyembamba ili isiache matundu. Shingo niliishona mara mbili. Ilipokwisha, niliipunga hewani, ikashuka yenyewe taratibu. Nikajisemea, leo mtu atajua fundi ni nani.

Mama aliivaa, akanishukuru sana, akasema nzuri. Saa nne asubuhi alikuwa nayo. Saa sita nikamkuta kwenye kamba ya nguo, anaanika mashuka, na amevaa yako. Nikamuuliza ile yangu ina kasoro gani. Akanijibu kwa upole kwamba haina kasoro hata moja, ila haimpi mkono nafasi ya kuinuka. Afadhali angenitukana.

Alhamisi iliyopita jirani alimpeleka zahanati kuchuliwa bega. Nikabaki peke yangu na blauzi yako inaning'inia kambani. Nikaitoa. Nikaigeuza ndani nje, na kwapani nikakuta kile kipande cha mraba, kidogo kama kadi ya posta, kimeshonewa kwa mkono, vimaua vyake vimefuatana na vya mwilini hivi kwamba kwa nje huoni kiungo. Nikachukua wembe nikafumua upande mmoja. Nikakitandaza kipande cha mbele juu ya kigezo changu, nijue ulikata vipi. Karatasi ikajitokeza pembeni, kuanzia kwapani kushuka chini, upana wa kidole kimoja. Nikaweka na kipande cha mkono. Kidole kimoja tena.

Nikakaa chini sakafuni, mdogo wangu. Kwa sababu hicho kidole nakijua.

Siku mbili kabla hujaondoka uliniomba kitu kimoja tu. Hukutaka cherehani, hukutaka hata mkasi. Uliniomba nakala ya kigezo changu, ukaanzie maisha huko. Nikakuchorea kwenye karatasi mpya, nzuri, nikakukunjia na utepe. Na kabla ya kukunja, nilipunguza upana wa kidole kimoja kwapani, mwilini na mkononi, kila upande. Nilifanya kusudi. Ulikuwa umeanza kunipita, na wateja walikuwa wameshaanza kuuliza yule mdogo yupo. Nikaona bora huko uendako nguo zako zibane kidogo, wasije wakasema mdogo amemshinda dada.

Hilo si baya kuliko yote. Mwaka ule wa kwanza uliniandikia kwamba kila nguo unayoshona inawabana watu kwapani, wanarudisha, na hujui unakosea wapi. Nami nilikujibu kwamba mkono wako bado mzito, ukubali tu si kila mtu amezaliwa fundi. Jibu hilo nilimsomea mama kwa sauti, huku nacheka. Miezi michache baadaye ukauza cherehani yako ukaingia udobi, ukawa unapiga pasi nguo walizoshona wengine.

Hukukosea kukata hata siku moja. Ulikuwa unafuata karatasi yangu kwa uaminifu, na karatasi yangu ilikuwa ya uongo. Na sasa ona: ili mama asibanwe, ukabuni kile kipande cha kwapani, na ndicho kinachompa mkono nafasi. Kigezo changu kizima hakina kitu kama hicho. Miaka ishirini sijawahi kukiwaza.

Mama alirudi mapema, akanikuta sakafuni na wembe. Akaangalia karatasi, akaangalia kitambaa, akauliza mbona havilingani. Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema kuwa karatasi anaweza kuisahau, lakini kile kicheko changu alikicheka na yeye siku ile, na ndicho kinachomuuma. Akaniamuru niirudishie blauzi yake kama ilivyokuwa. Nimejitahidi. Upande wangu unaonekana, mishono yako ni midogo zaidi.

Ndani ya bahasha hii kuna kigezo changu. Si nakala. Ndicho chenyewe, na tundu lake la msumari. Msumari nimeuacha mtupu, kila nikifunga mlango nauona. Azima tena cherehani ya mtu, kata kwa karatasi hii, uone kama kuna atakayerudisha nguo. Wivu wenyewe, nisikudanganye, haujaniisha. Jana tu mama alipokusifia tena nilisikia kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini yule mwalimu mnene nimemfuata hadi kwake, nikamwambia mshono ule ni wa mdogo wangu, na nikipata ruhusa yako nitamshonea. Nangoja jibu. Ukikataa, una haki.

Msalimie shemeji. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu na anasema alijua tu. Mama alikataa salamu zake zipite kwenye kalamu yangu mpaka aone kwa macho yake nimetia kigezo ndani ya bahasha. Amesimama hapa nyuma yangu, mkono ameuegemeza juu ukutani. Ameona. Anakusalimu sana.

Ni mimi dada yako,
Fundi