Tamale Zako Kwenye Meza ya Marehemu

Huejutla,
Novemba 4

Mpendwa dada yangu Yadira,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Fidencio, ambaye sasa ana meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha. Hujambo huko Monterrey? Kifua kimepona? Unakula? Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua.

Nikuambie ukweli, bado nina kinyongo nawe kidogo. Siku ile ya Juni ulipotuambia mezani kwamba wewe ni mwanamke na jina lako ni Yadira, nililisikia pamoja na mjomba Eleuterio, kama mgeni. Ungeniambia mimi kwanza. Lakini kinyongo kikubwa ninacho na nafsi yangu. Mama alipokujibu kwamba hana mtoto wa jina hilo, mimi niliinamia mtoto nikajifanya namnyonyesha, na alikuwa ameshashiba.

Tangu uondoke maneno hayaishi. Kwenye mashine ya kusaga, Bi Tomasa aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Nereida, siku hizi una kaka au dada? Tujue tunamsalimiaje." Wakacheka. Nikamwambia, "Ana jina, Bi Tomasa. Likikushinda, acha salamu." Nilirudi nyumbani bila kusaga, nusu ndoo ya mahindi nimeimwaga njiani.

Sasa nikupe lenyewe, usije ukalisikia kwa wengine. Tulipoandaa meza ya marehemu wetu wanaorudi kula kila Novemba, mwaka huu mama aliweka picha ya baba, ya bibi, halafu akaleta yako, ile ya kumaliza shule, umevaa tai. Akakuwashia mshumaa. Akakuwekea tamale unazozipenda, za unga wa mahindi na nyama ya pilipili nyekundu, zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Nikamwuliza, mama, huyu si yuko hai? Akasema, "Mwanangu alikufa Juni. Niache nimlilie." Na kweli alilia, dada. Sikuwa na moyo wa kuiondoa.

Jana tukaivunja meza ile, tukala vilivyobaki. Unajua mwenyewe, marehemu wakishakula, chakula hakina ladha tena. Tamale ya baba ilikuwa hivyo hivyo, kama kutafuna karatasi. Kisha nikafungua yako. Pilipili ilinichoma hadi machozi. Chumvi ipo, nyama ipo, kila kitu kipo. Hakuna aliyekuja kuila.

Nilimmegea mama, nikamwomba aonje tu. Akatafuna polepole. Akamega tena mwenyewe. Baadaye akaichukua picha yako akaiweka kwenye droo ya vitambaa vyake. Si ukutani, sitakudanganya. Lakini mshumaa wako aliuzima kwa vidole, na wa baba akauacha uishe.

Fidencio hajabatizwa. Padri anauliza, majirani wanauliza. Ninawajibu kwamba mama yake wa ubatizo anafanya kazi mbali, tunamsubiri. Njoo Januari. Tai uiache huko.

Nisalimie Renata unayekaa naye, mwambie akulazimishe kula. Mjomba Eleuterio hajakutumia salamu, nami sitamtungia. Mama pia hakutuma, ila nilipokaa kuandika aliniuliza kama huko Monterrey baridi imeshaanza, na kama una blanketi.

Mungu akufunike popote ulalapo.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja ukiwa hai,
Nereida