Kamba Uliyoisokota Angani

Lyamkena, Makambako
Agosti 1955

Kefa, mjukuu wangu, mume wangu,

Kamwene. Mahindi yamekauka vizuri.

Filemoni amerudi kutoka huko migodini. Ameniletea kamba uliyoisokota ndegeni kwa katani niliyokupa. Anasema wenzako walitapika na kusali, wewe ukasokota tu mpaka mkashuka. Si nilikuambia usikae mikono mitupu humo, utaogopa?

Amesema pia umeongeza mkataba. Mkeo Esteria ndiye anayeniandikia barua hii, neno hilo alikataa kuliandika, nikamwambia, "Andika!" Mwanao alimkimbilia Filemoni akamwita baba.

Yoeli anakuja huko. Nimempa katani yako, ya safari moja tu, ya kurudi. Usiiguse mpaka uketi ndegeni.

Bibi yako,
Kristina